Rimoti ya alamu inawaka taa lakini paneli haisikii, betri nimebadili tayari

NyumbaTulivu anauliza:

Wakuu habari za humu, naombeni msaada maana hii kitu imeninyima usingizi wiki nzima. Nina alamu ya nyumbani ile ya bila waya, paneli iko ndani ukutani, sensa za milango, sensa za mwendo, king'ora nje, na zilikuja na rimoti mbili ndogo za kuning'iniza kwenye funguo, zina batani nne, kufuli lililofungwa, kufuli lililo wazi, kinyumba cha kuwasha ukiwa ndani umelala, na ile ya hatari.

Sasa rimoti yangu zamani nilikuwa nawasha alamu nikiwa getini kabisa nje, nabonyeza mara moja king'ora kinalia kidogo "pii" nakuwa na amani naondoka. Ikaanza kupungua taratibu, mara nisogee hadi kwenye ngazi, mara hadi mlangoni, saivi mpaka niikaribishe na paneli kama hatua moja ndo inakubali, na ukishafika hapo si bora tu ubonyeze namba kwenye kipadi. Nikajua betri, nikanunua mpya nikaweka, taa nyekundu ya rimoti inawaka vizuri tu tena inang'aa kuliko mwanzo, lakini umbali ni ule ule. Siku moja nimebonyeza nikaona taa imewaka nikaondoka nikijua nimefunga, kurudi jioni nakuta alamu haikuwashwa kabisa, nyumba ilikuwa wazi siku nzima. Namshukuru Mungu hakuna kilichotokea ila iliniuma sana.

Alafu kuna mambo mengine mawili. Moja, batani ya hatari imejibonyeza yenyewe saa nane usiku, rimoti ilikuwa chini ya mto, king'ora kikaamsha mtaa mzima, mama yangu ni mtu mzima ana presha alitetemeka mpaka asubuhi. Pili ni kwamba ile rimoti nyingine ilipotea miezi kadhaa iliyopita, sikuitilia maanani nikasema nitanunua nyingine, sasa nawaza aliyeiokota anaweza kufanya nini nayo?

Anayejua hivi vitu anielekeze taratibu, bisibisi naweza kushika ila umeme sio fani yangu.

fundi_nyaya ameandika:

Mkuu pole na hiyo ya saa nane usiku, mpe mama pole pia.

Kabla ya yote hii ndo inawaponza wengi. Ile taa ya kwenye rimoti ya kawaida inakuambia kitu kimoja tu, kwamba rimoti imesema. Haikuambii kwamba paneli imesikia. Rimoti nyingi ni za njia moja, zinatuma hazipokei, kwa hiyo hata ukiwa umbali wa maili kumi ukibonyeza taa itawaka. Kuna rimoti za njia mbili ambazo paneli inajibu alafu taa inabadilika rangi, ila yako kwa maelezo yako sio hiyo. Kwa hiyo kuanzia leo usiondoke kwa kuona taa, ondoka kwa kusikia king'ora kimelia. Kama mlio uliuzima kwa sababu ya majirani, uwashe tena hata kwa sauti ndogo.

Sasa tuje kwenye betri, unasema umebadili, naomba uifungue tena utuambie imeandikwa nini juu yake na ile ya zamani imeandikwa nini. Usinijibu "ni zile za duara kama za saa", nataka namba. Hizi betri bapa namba zake zina maana, mfano CR2032, hiyo 20 ni upana wa milimita 20 na 32 ni unene wa milimita 3.2. CR2025 upana ni huo huo 20 ila unene ni 2.5, na CR2016 unene 1.6. Zote tatu ni volti 3, zote zinaingia kwenye kishikio kimoja, na wauzaji wengi watakuambia ni zile zile. Sio zile zile. Ukiweka nyembamba mahali pa nene inacheza humo ndani, kile kibati cha chini hakiigusi sawasawa, ukibonyeza inagusa ukiachia inaachia, na pia uwezo wake wa kukaa na chaji ni mdogo. Taa ya LED inakula umeme kidogo sana kwa hiyo itawaka tu, lakini kutuma mawimbi kunahitaji umeme wa ghafla mwingi zaidi, hapo ndo betri inayogusa vibaya inaanguka.

Kama una mita, au jirani anayo, weka kwenye volti za DC upime. CR2032 mpya nzima bila mzigo inasoma kama 3.2 hivi, wakati mwingine 3.3. Ila usidanganyike na hicho kipimo peke yake maana hata betri iliyochoka ikiwa haifanyi kazi inaweza kusoma 2.9 ukasema bado nzima, pima huku mtu anabonyeza batani. Ikishuka ghafla ujue imekwisha hata kama ni "mpya". Betri zimekaa dukani miaka na pakiti imefifia, hiyo nayo ipo sana, angalia tarehe nyuma ya pakiti.

Kwa wengine watakaosoma baadaye, kama rimoti yako inatumia ile betri ndogo ya mrija ya volti 12, hiyo ni 23A au 27A, zina urefu unaokaribiana ila 27A ni nyembamba zaidi, ukiichanganya inacheza vile vile. Ndani yake ni vibetri vinane vidogo vimepangwa kimoja juu ya kingine, kimoja kikifa yote inayumba.

Swali la mwisho, sensa zako nyingine zote zinaonekana kwenye paneli? Hakuna hata moja inayoonyesha imepotea? Nijibu hili ni muhimu.

kijana_solda ameandika:

Mi yangu ilifanya hivyo hivyo nikafungua nikachukua penseli nikasugua vile vidude vyeusi vya kwenye raba ya batani, ikarudi kama mpya. Jaribu hiyo kwanza kabla hujahangaika na mita. Na kama iliwahi kuingia maji iweke kwenye mchele siku mbili.

fundi_nyaya ameandika:

@kijana_solda penseli inafanya kazi kweli mkuu sikatai, ile grafiti inapitisha umeme na vile vidonge vyeusi vya kaboni chini ya raba vikichakaa unavirudishia uhai kidogo. Ila ni ya muda, na unga wake ukimwagika kwenye bodi unaweza kuunganisha njia ambazo hazitakiwi kuungana, alafu rimoti ikawa inajituma yenyewe na kumaliza betri. Mimi nafanya hivi, raba naitoa naiosha kwa maji na sabuni kidogo naikausha kabisa, bodi naifuta kwa pamba ya masikioni iliyochovywa spiriti ile kali isiyo na mafuta, zile sehemu za kugusia kama zimefubaa nazipitishia kifutio cha penseli taratibu mara tatu nne alafu nafuta vumbi lake. Na dalili ya raba iliyochakaa ni tofauti na ya kwake, raba ikichoka batani moja inakataa nyingine zinakubali, au mpaka ubonyeze kwa nguvu ndo taa iwake. Yeye taa inawaka vizuri, shida ni umbali.

Mchele achana nao jamani. Mchele hauvuti maji yaliyoko chini ya chipu, na vumbi lake linaingia kwenye batani. Rimoti ikilowa toa betri hapo hapo, hilo la kwanza, maana umeme pamoja na maji ndo vinakula shaba ya bodi. Kama ni maji ya sabuni au ya chumvi, mfano imefuliwa kwenye suruali, suuza bodi kwa maji safi kwanza, alafu spiriti, alafu iache wazi penye upepo siku moja mbili. Usiweke jikoni wala juani pakali.

Mama_Pacha ameandika:

Samahanini naingilia, sio fundi mimi ila nina watoto wadogo na nimesoma mnaongelea betri bapa hapa, nashindwa kukaa kimya.

Hizo betri za CR2032 ndo saizi mbaya kuliko zote kwa mtoto, zinatosha kabisa kukwama kwenye koo la chakula, na ikikwama haihitaji ivuje wala ipasuke, ule umeme wake ukikutana na mate unatengeneza kemikali inayochoma nyama ya koo, ndani ya saa mbili tu unaweza kukuta ameungua vibaya. Na betri uliyoitoa ukasema imekufa bado ina umeme wa kutosha kufanya hivyo. Kwa hiyo ndugu yangu unapofungua hiyo rimoti usifanyie kwenye mkeka watoto wanapocheza, ile ya zamani ifunge selotepu pande zote mbili hapo hapo uiweke juu mbali mpaka upate pa kuitupa vizuri, na kuifunga huko kunazuia pia isigusane na betri nyingine au vyuma ikapata moto.

Mtoto akimeza au hata ukihisi tu amemeza, hospitali saa hiyo hiyo, mwambie daktari neno betri mapema wampige picha ya eksirei, usimtapishe wala usimpe chakula. Kama ameshavuka mwaka mmoja na ameimeza ndani ya saa 12 zilizopita, wataalamu wa sumu wanaruhusu asali vijiko viwili vya chai kila dakika kumi huku mko njiani, isizidi mara sita, maana inafunika betri kidogo, lakini isiwe sababu ya kuchelewa hata dakika moja.

Na kile kiskrubu cha kifuniko mkishakitoa mkirudishe, msiseme kifuniko kinashika chenyewe. Rimoti ikianguka kikafunguka betri inaruka nje, na mtoto yuko karibu na sakafu kuliko wewe.

NyumbaTulivu ameandika:

Mama_Pacha ahsante sana dada yangu, nina mpwa wa miaka miwili hapa nyumbani na ile betri ya zamani ilikuwa juu ya friji wazi tu. Nimeifunga selotepu na kuitoa hapo.

Fundi nimefungua. Chini ya kishikio kwenye bodi kumeandikwa CR2032. Betri ya zamani ni CR2032. Niliyonunua ni CR2025, muuzaji aliniambia hamna tofauti, na kweli nikiigusa kwa kidole inacheza. Nimekwenda kutafuta 2032 nyingine, jirani ana mita tumepima inasoma 3.24, tukibonyeza inashuka kidogo sana inarudi. Ile 2025 ilikuwa inasoma 3.1 lakini tukibonyeza namba zinaruka ruka hovyo.

Nimeweka, nimejaribu, imetoka hatua moja hadi kama hatua nane kumi hivi. Naweza kuwasha nikiwa barazani. Lakini getini bado haifiki, na zamani ilifika bila shida, hata upande wa pili wa barabara.

Kuhusu sensa, nimeenda kuangalia kwenye paneli baada ya wewe kuuliza, sikuwahi kuangalia huko. Sensa ya mlango wa stoo ya nyuma inaonyesha imepotea mawasiliano. Nilidhani ile alama ni ya kawaida maana iko pale muda mrefu.

fundi_nyaya ameandika:

Safi, umenipa jibu ulipotaja hiyo sensa ya stoo. Rimoti ikiwa peke yake haisikiki, shida iko kwenye rimoti. Lakini rimoti inasikika kwa taabu na sensa ya mbali nayo imepotea, hapo sio wasemaji tena, ni masikio ya paneli. Ulikuwa na matatizo mawili yamelaliana, la betri ndo limefunika la pili.

Jiulize nini kimebadilika karibu na paneli tangu ilipokuwa nzima. Kuna mtu ameweka ruta ya intaneti pembeni yake? Friji, kabati la chuma, kioo kikubwa, deki, taa mpya za LED za bei rahisi? Mawimbi hupita kwenye mbao na matofali bila shida kubwa, zege lenye nondo linayakaba, na bati au chuma kinayarudisha kabisa. Kioo cha kujiangalia nacho nyuma kina rangi ya madini, watu hawakihesabu. Vifaa vyenye adapta mbovu vinatoa kelele ya mawimbi, sisi hatuisikii ila paneli inaisikia muda wote, ni kama unamnong'oneza mtu kwenye kelele za harusi.

Alafu antena. Geuza rimoti yako nyuma soma masafa, nyingi zinaandikwa 433 au 433.92 MHz, zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya nyingi ni 868, na za Marekani utakuta 315 au 433 na nyinginezo. Kama ni 433 antena ya waya ya paneli inatakiwa iwe na urefu wa kama sentimita 17, ndo robo ya wimbi, iwe imenyooka na haigusi chuma. Mara nyingi sana nimefungua paneli nikakuta huo waya umekunjwa kunjwa ukasukumwa nyuma ya betri ya akiba na fundi aliyekuja kuweka kitu kingine, au umekatwa mtu akidhani ni waya umebaki. Usiukate, usiuongeze, ukiuongezea hata kama unaonekana "mrefu zaidi" unaharibu.

Lakini usifungue paneli kienyeji mkuu. Kwanza iweke kwenye hali ya matengenezo kutoka kwenye menyu, maana ndani ya kifuniko kuna kiswichi kinachojua kimefunguliwa na kitapiga king'ora upya, mama ashtuke tena. Pili zima umeme wa ukutani kwenye swichi kuu. Paneli itaendelea kuwaka kwa betri ya akiba, usishangae, ila upande wa umeme mkubwa usiuguse hata ukiwa umeuzima. Kama huna uhakika muite aliyeifunga, hiyo sehemu sio ya kujaribia.

mlinzi_mstaafu ameandika:

Vijana mmeongea vizuri mambo ya betri na mawimbi, mimi nimefanya kazi ya ulinzi miaka mingi kwenye chumba cha kupokea alamu, naomba niseme kuhusu ile rimoti iliyopotea maana naona mmeipita, na kwangu hilo ndo kubwa kuliko yote aliyouliza.

Ndugu NyumbaTulivu, rimoti ni ufunguo. Ukipoteza ufunguo wa mlango unabadili kitasa, lakini watu wakipoteza rimoti wanasema tu "nitanunua nyingine". Ile iliyopotea bado paneli inaijua na inaitii. Aliyenayo akisimama nje ya ukuta wako akabonyeza kufuli lililo wazi, alamu inazima, na inazima kihalali kabisa, hakuna king'ora wala taarifa ya hatari, kwenye kumbukumbu itaandikwa mtumiaji namba fulani amezima. Nimeziona kumbukumbu za namna hiyo, mwenye nyumba anaapa aliwasha alamu, na kweli aliwasha, ila imezimwa saa tisa usiku na rimoti namba mbili ambayo anasema ilipotea zamani.

Kwa hiyo leo leo ingia kwenye menyu ya paneli ufute rimoti iliyopotea. Paneli nzuri zinaorodhesha rimoti moja moja, 1, 2, 3, unafuta moja. Za bei rahisi nyingi zinafuta zote kwa pamoja, hapo usiogope, futa zote alafu usajili upya zile ulizonazo mkononi, ni dakika tano. Hakikisha tu umeandika namba ya siri ya kipadi kabla hujafuta, usije ukajifungia nje. Na baada ya kufuta angalia kumbukumbu za paneli kama zipo, uone kama rimoti hiyo imetumika tangu siku ilipopotea.

Jambo lingine, usininginize kwenye bando la funguo kitu chochote chenye anwani au jina lako. Anayeokota funguo bila anwani ameokota vyuma, anayeokota funguo zenye anwani ameokota nyumba.

fundi_nyaya ameandika:

Mzee umenena, na niongeze kipande cha kiufundi hapo hapo maana kinahusu anunue rimoti ya aina gani.

Kuna rimoti za namba isiyobadilika na kuna za namba inayobadilika kila ukibonyeza. Ukifungua yako ukakuta kwenye bodi mistari miwili ya vituo vidogo vya solda pembeni mwa chipu, mmoja umeandikwa L mwingine H, hiyo ni ya zamani sana, namba yake imeandikwa kwa solda tu, zile zenye vituo nane zina michanganyiko 6,561 basi. Zilizofuata kama za chipu ya EV1527 zina namba zaidi ya milioni moja zinazowekwa kiwandani, ni bora, lakini bado namba ni ile ile kila siku, na zile rimoti za kunakili zinazouzwa kila mahali zinainakili kwa sekunde chache. Mtu akiishika rimoti yako kidogo tu, au akirekodi mawimbi yake ukiwa unabonyeza, basi anayo.

Za namba inayobadilika, mfano zenye mfumo wa KeeLoq, kila ubonyezo unatuma namba mpya na paneli inakataa iliyokwisha kutumika, kwa hiyo aliyerekodi jana leo hana kitu. Lakini zina tabia moja inayowachanganya watu, mtoto akiichezea rimoti mbali na nyumba akabonyeza mara nyingi, hesabu ya rimoti inatangulia ya paneli. Kwa kawaida ikitangulia chini ya mara 16 paneli inakubali tu, ikizidi hapo inataka ubonyeze mara mbili mfululizo ndo ijipange upya. Watu wanabonyeza mara moja wanaona imekataa wanasema imekufa. Bonyeza tena.

Kwa hiyo ukinunua ya pili usinunue kwa sura, batani nne za chrome zinafanana zote. Masafa yafanane, aina ya namba ifanane, na ikiwezekana iwe ya mtengenezaji yule yule wa paneli.

Na ile ya hatari, mkuu, hiyo batani kwenye mifumo mingi inafanya kazi saa 24 hata alamu ikiwa imezimwa, ndo kazi yake. Usiifute kabisa kwa sababu ya usiku mmoja, una mama mtu mzima hapo nyumbani. Angalia kwenye menyu kama kuna kuchagua ibonyezwe sekunde mbili tatu ndo ilie, au ibonyezwe mara mbili. Kama haipo hiyo basi tafuta rimoti yenye kifuniko cha kuteleza juu ya batani. Chini ya mto sio mahali pake, inalala na kichwa juu yake, batani ikishikiliwa usiku kucha hata isipolia inamaliza betri. Iweke juu ya meza karibu na kitanda, mkono unafika gizani.

kijana_solda ameandika:

Fundi nimejifunza hapo kwenye mchele na penseli, ahsante. Nimefungua yangu saivi nimekuta hiyo mistari ya L na H kweli. Kwa hiyo nibadilishe chip?

fundi_nyaya ameandika:

Hapana, kubadili chipu ya rimoti haisaidii kama paneli inaelewa lugha ile ya zamani tu. Angalia kama paneli yako inakubali za namba inayobadilika, kama haikubali basi itumie ukijua ilivyo, kuzima tumia kipadi chenye namba ya siri, na rimoti uiachie kazi ya kuwasha na ya hatari tu. Paneli nyingine zinakuruhusu kuondoa batani ya kuzima kwenye rimoti. Mpaka siku utakayobadili paneli.

NyumbaTulivu ameandika:

Narudi na majibu wakuu, samahani nimekaa siku tatu, nilikuwa namsubiri fundi aliyeifunga maana sikutaka kugusa upande wa umeme.

Antena ilikuwa kama ulivyosema kabisa. Aliyeweka ruta alifungua kifuniko apitishe waya wake, akaukunja ule waya wa antena ukawa kama chemchemi nyuma ya betri ya akiba, na ruta yenyewe aliipachika juu ya paneli, imeigusa kabisa. Fundi ameunyoosha, tumepima sentimita 17 na kidogo, ruta tumeihamishia ukuta wa pili. Sensa ya stoo imerudi yenyewe ndani ya saa moja. Nimetoka na rimoti mpaka getini, nimebonyeza, "pii". Nimevuka barabara, "pii". Nimesimama pale nimebonyeza mara tatu nne kama mtoto, nimefurahi sana jamani.

Kuhusu iliyopotea, mzee mlinzi_mstaafu umeniogopesha na nakushukuru kwa kuniogopesha. Paneli yangu inafuta moja moja. Kabla sijafuta niliangalia kumbukumbu, zinaishia matukio machache ya nyuma tu, hakuna mahali rimoti namba mbili imetumika kwa hizo zilizobaki. Nimeifuta. Nikamwomba fundi anionyeshe pia jinsi ya kusajili, kwa hiyo rimoti mpya ikija nitaisajili mwenyewe, hii yangu ni 433.92 na fundi amesema ni ya namba inayobadilika.

Batani ya hatari nimeiweka sekunde tatu. Mama nimemkalisha nikamwonyesha, amebonyeza mwenyewe huku anahesabu moja mbili tatu, king'ora kikalia akazima kwa namba ya kipadi. Sasa hivi anataka na yeye awe na ya kwake shingoni, ndo hiyo ya pili nitakayonunua.

Swali dogo tu limebaki, betri ya sasa nibadili baada ya muda gani, au nisubiri ianze kupungua umbali tena?

fundi_nyaya ameandika:

Usisubiri. Muda unategemea unabonyeza mara ngapi kwa siku na rimoti yenyewe, moja inakaa mwaka nyingine miaka mitatu, kwa hiyo sikutajii tarehe ya uongo. Weka alama yako mwenyewe, chagua sehemu moja ya kudumu, mfano nguzo ya geti, kila mwezi simama hapo hapo ubonyeze mara moja. Siku ukihitaji ubonyezo wa pili, badili siku hiyo. Ya mama ibadili kila mwaka hata kama nzima, hiyo haibonyezwi kila siku kwa hiyo hutajua imechoka mpaka siku anayoihitaji, na uijaribu hivyo hivyo na yeye kila mwezi, akihesabu moja mbili tatu.

mlinzi_mstaafu ameandika:

Na siku ya kujaribu waambie majirani kabla, na kama alamu yako imeunganishwa na kampuni ya ulinzi wapigie simu kwanza waweke kwenye majaribio, ukimaliza uwapigie tena warudishe. Hiyo simu ya pili ndo watu wanaisahau.